Mtandao Upi Unastahili Nguvu Zako? Mwongozo kwa Msanii Anayejitegemea

Ilikuwa saa tano usiku. Mchana wa siku hiyo nilikuwa nimemaliza mchoro wa ndege, na tangu saa tatu nilikuwa nahangaika kuugeuza uwe video ya sekunde 15: natafuta muziki, nakata, naandika maneno juu ya picha, nayafuta, nayaandika upya. Katikati ya shughuli hiyo ikaingia barua pepe. Mtu nisiyemjua alitaka nimchoree jalada la kitabu. Aliandika hivi: "Nimepewa jina lako na yule uliyemchorea nembo miaka mitatu iliyopita." Nikaiweka video kando. Yule wa nembo hakuwahi kunifuata kwenye mtandao wowote.

Siku chache baadaye nilianza kuchunguza kazi zangu zinatoka wapi hasa, na mwongozo huu ni matokeo ya uchunguzi huo. Ni wa mchoraji, mpiga picha, mchongaji, mchora katuni, yeyote anayeuza kazi ya mikono yake bila mwajiri na anayehisi kwamba mitandao inamla muda kuliko inavyomlisha. Sitakuambia ufunge akaunti zote, maana mimi mwenyewe sijazifunga. Nitakuonyesha namna ya kujua ipi inakulipa, ipi inakufaa kwa sababu nyingine, na ipi uiache ikae kimya.

Hatua ya 1: Fuatilia kila kazi ya malipo hadi ilikotoka

Mali bila daftari hupotea bila habari. Usianze kwa kuangalia una wafuasi wangapi. Anza na pesa iliyokwisha kuingia. Orodhesha kila kazi uliyolipwa katika miezi 12 iliyopita, hata iwe ndogo, kisha mbele ya kila moja andika mteja alikupataje. Kumbukumbu hudanganya sana katika jambo hili, kwa hiyo usiitegemee. Fungua ujumbe wa kwanza kabisa wa kila mteja usome sentensi ya mwanzo. Watu wengi hujieleza palepale: "nimeona kazi yako kwenye…", "fulani ameniambia…". Asiyejieleza, muulize. Mimi niliwaandikia wanne: "Samahani kwa usumbufu, ningependa kujua ulinipata kwa njia gani." Wote walijibu, na mmoja akaniongezea oda nyingine hapohapo.

Ukiuliza, chimba hadi mwanzo. Mteja anaweza kukutajia Instagram kwa sababu ndiko alikokutumia ujumbe, kumbe jina lako alilipata kwa rafiki, kisha akaingia Instagram kuhakikisha kwamba wewe ni mtu wa kweli na kazi ni zako. Hayo ni mambo mawili: alikokusikia na alikokuhakiki. Yape safu mbili tofauti katika daftari lako.

Langu lilisomeka hivi. Kazi 23. Tisa zilitoka kwa wateja wa zamani waliorudi. Sita kwa watu walioelekezwa na wateja hao. Nne kwa watu waliotafuta kitu kwenye Google wakaangukia tovuti yangu, ambayo sikuwa nimeigusa kwa mwaka mzima. Tatu zilitoka Behance, mtandao wa kuonyesha kazi za ubunifu. Moja, moja tu, ilianzia kwenye mtandao niliokuwa na wafuasi elfu 11 na niliokuwa nautumikia kila siku. Lakini katika safu ya pili, ya kuhakiki, mtandao huohuo ulijitokeza mara nane. Haukuwa unaniletea watu. Ulikuwa unawatoa wasiwasi waliokwisha kuja. Hiyo nayo ni kazi ya maana, ila haihitaji posti tano kwa wiki. Inahitaji ukurasa nadhifu, picha tisa nzuri na njia ya kuwasiliana iliyo wazi.

Kama bado unaanza na kazi za malipo ni chache, hesabu maulizo badala ya malipo. Mtu aliyeuliza bei kisha akanyamaza naye amekuonyesha mlango alioingilia.

Hatua ya 2: Pima saa, usizikisie

Kwa siku saba weka karatasi kando ya meza. Kila unapoushika mtandao kwa jina la kazi, andika saa uliyoanza na saa uliyomaliza. Jumlisha kila kitu: kuikata picha iwe wima, kuandika maelezo, kujibu maoni, kurudi kuangalia laiki, na ile nusu saa uliyoingia kuposti ukajikuta unaperuzi kazi za wengine hadi moyo ukakuuma. Nusu saa hiyo nayo ni gharama. Wasanii wengi tunaiona aibu kuiandika, nami nakusihi uiandike.

Mimi nilifuatilia mchoro mmoja tu, tangu kuuhifadhi hadi kunyamaza kwa maoni. Ulihitaji kukatwa kwa vipimo vinne kwa sababu kila mtandao una umbo lake, maelezo matatu tofauti, na video moja. Jumla: saa nne na dakika kumi. Kuuchora wenyewe kulichukua saa saba. Nilipoziona namba hizo mbili zimekaa juu na chini kwenye karatasi, sikuhitaji mtu wa kunishauri.

Hatua ya 3: Upe kila mtandao jina la kazi yake

Makosa mengi hutokana na kuutaka mtandao mmoja ufanye kila kitu. Andika mbele ya kila akaunti yako neno moja kati ya haya: kutafutwa, kuhakikiwa, kuuza, au wenzangu.

Kutafutwa ni pale mtu anapokuja na shida yake mkononi. Google ni hivyo, na Pinterest pia, ambako picha huhifadhiwa pamoja na kiungo chake na inaweza kuendelea kuleta watu miezi mingi baada ya wewe kuisahau. Behance, iliyo chini ya Adobe tangu 2012, na ArtStation, iliyonunuliwa na Epic Games mwaka 2021, hutembelewa na wakurugenzi wa sanaa na studio zinazotafuta mtu wa kumpa kazi. Wanaoingia huko hawana haja na video ya mkono wako ukichora. Wanataka kuona mradi mzima: michoro ya awali, mabadiliko, matokeo, na jinsi ulivyotatua tatizo la mteja.

Kuuza ni maduka kama Etsy, na mahali pa wafadhili kama Patreon na Ko-fi. Wenzangu ni mahali pa kujifunza na kutiana moyo: kikundi cha Discord, Mastodon, Bluesky, hata kikundi kidogo cha WhatsApp cha wachoraji sita. Usiudharau mtandao wa namna hii kwa sababu hauleti oda. Sanaa ya kujitegemea ni kazi ya upweke, na anayekuonyesha kwamba kivuli kiko upande usio sahihi kabla mteja hajakiona amekuokoa. Ila usiuhesabu kama soko.

Ukikuta mtandao ambao hauwezi kuupa hata neno moja kati ya hayo manne, umekwisha kupata jibu lake.

Hatua ya 4: Uliza swali moja kuu, "Mtu huyu nitampata tena?"

Hapa ndipo penye kiini cha mwongozo huu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtu ameiona kazi yako leo, ameipenda, amebonyeza kukufuata. Kesho ukiwa na kazi mpya, je, unaweza kumfikia bila kumwomba mtu mwingine ruhusa? Kwa mitandao mingi jibu ni hapana. Ukipakua taarifa zako kutoka Instagram utapata majina ya akaunti zinazokufuata, basi. Hupati barua pepe zao wala njia yoyote ya kuwafikia nje ya hapo. Wafuasi elfu 11 unaowaona juu ya wasifu wako ni watu wa mtandao huo. Wewe unaonyeshwa hesabu yao tu.

Na mwenye mtandao hubadilisha mambo anapotaka. Instagram ilianza Oktoba 2010 kama mahali pa picha za mraba. Mwaka 2016 iliacha kuonyesha posti kwa mpangilio wa wakati, ikaanza kuchagua yenyewe nani aone nini. Agosti 2020 ikaleta video fupi za Reels, na katikati ya 2021 mkuu wake, Adam Mosseri, akasema wazi kwamba Instagram si tena programu ya picha. Januari 2025 visanduku vya kwenye wasifu vikaacha kuwa mraba vikawa wima. Kuna wasanii waliokuwa wamepanga picha tisa kwa ustadi ili zikikaa pamoja ziunde mchoro mmoja mkubwa, na wakaukuta mpango wao umevurugika bila wao kugusa chochote. Hakuna aliyevunja mkataba hapo. Ndivyo nyumba ya kupanga ilivyo.

Mingine ilibadilika zaidi. Vine, iliyokuwa na watu waliojenga majina yao kwa video za sekunde sita, ilianza Januari 2013 na kufikia Januari 2017 ilikuwa imefungwa. Desemba 2018 Tumblr ilipiga marufuku picha za ngono na utupu na kutumia mashine kuzichuja, na mashine hizo zikazuia hata michoro isiyo na kosa. Wasanii wengi wakahama, na wengi wa wafuasi wao hawakujua walikoelekea. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kwamba picha, video na nyimbo zilizopakiwa miaka mitatu na zaidi kabla ya hapo huenda zimepotea katika zoezi la kuhamisha data. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa sita. Saa sita si nyingi, ila kwa msanii aliyekuwa na wateja wake wote ndani ya hizo tatu, zilikuwa ndefu.

Nami yalinikuta. Mtandao mmoja uliifunga akaunti yangu kwa siku 11 kwa tuhuma ya kujifanya mtu mwingine, na katikati ya siku hizo nilikuwa na mteja aliyekuwa akisubiri mchoro wa pili. Mazungumzo yetu yote yalikuwa mle ndani: vipimo, rangi alizozikataa, tarehe. Sikuwa na namba yake. Nilimpata kupitia fomu ya mawasiliano kwenye tovuti ya kampuni yake, nikijieleza kama mgeni. Alinielewa, ni mtu mwema. Lakini tangu siku ile oda yoyote inayoanzia kwenye ujumbe wa ndani ya mtandao haivuki jibu la pili kabla sijaihamishia kwenye barua pepe. Fanya hivyo leo hii, hata kama hutafuata hatua nyingine yoyote.

Kwa swali hili mitandao haifanani. Patreon na Ko-fi hukupa barua pepe za wanaokuunga mkono, na unaweza kuipakua orodha. Mastodon inakuruhusu kuhama seva (kompyuta inayohifadhi akaunti yako) ukachukua wafuasi wako, ingawa posti za zamani hubaki ulikotoka. Bluesky, iliyofunguliwa kwa watu wote Februari 2024, inakuruhusu kutumia anwani ya tovuti yako mwenyewe kama jina la akaunti. Kwa Etsy, hata ukiipata barua pepe ya mnunuzi kupitia oda yake, huruhusiwi kumwingiza kwenye orodha yako ya barua bila idhini yake. Andika jibu la kila mtandao: ndiyo, hapana, au kwa masharti. Kwangu mimi safu hii ina uzito kuliko nyingine zote, na pale mitandao miwili inapolingana kwa kila kitu, hii ndiyo huamua.

Hatua ya 5: Soma masharti kuhusu leseni na akili mnemba

Najua masharti ni marefu. Huhitaji kuyasoma yote. Fungua ukurasa wake, tumia kitafutio cha kivinjari, na utafute sehemu tatu: panapozungumziwa leseni unayoupa mtandao, panapotajwa kufunza mashine au akili mnemba (AI), na panapotajwa kampuni nyingine zitakazopewa maudhui yako. Leseni fulani ni lazima iwepo, kwa sababu bila hiyo mtandao hauwezi hata kuionyesha picha yako kwa mtu mwingine. Jambo la kuangalia ni upana wake.

DeviantArt, iliyoanza mwaka 2000 na kulea wachoraji wengi wa kidijitali, ilizindua kitengeneza picha chake cha akili mnemba Novemba 2022. Mwanzoni kazi za wasanii zilihesabiwa kuwa zimeruhusiwa kutumiwa kufunza mashine hadi mwenyewe akatae. Wasanii wakapiga kelele, na kampuni ikageuza utaratibu haraka. Mwezi uliofuata ukurasa wa mbele wa ArtStation ulijaa picha za kupinga kazi za akili mnemba. Masharti mapya ya X (zamani Twitter), yaliyoanza Novemba 2024, yanaeleza kwamba maudhui yanaweza kutumika kufunza akili mnemba. Mei 2025 Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, ilianza kutumia posti za wazi za watu wazima wa Umoja wa Ulaya kwa kazi hiyohiyo, ikiwapa fomu ya kupinga. Kama unaishi huko na hukuijaza, itafute.

Kuna waliojaribu njia nyingine. Cara, mtandao wa wasanii unaozuia picha za akili mnemba, ulijaa wageni katikati ya 2024 kwa kasi ambayo waendeshaji wake hawakuitarajia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walitoa Glaze mwaka 2023 na Nightshade Januari 2024, programu zinazobadilisha nukta za picha kwa kiasi ambacho jicho halioni sana lakini mashine huchanganyikiwa. Mimi hutumia Glaze kwa kazi zangu binafsi, kwa sababu mtindo wangu ndio mtaji wangu. Siichukulii kama kufuli lisilovunjika.

Kinga ninayoiamini zaidi ni ya kawaida kabisa. Pakia picha ndogo, upana wa nukta 1,080 unatosha kwa simu, na faili kubwa litoke mkononi mwako kwa aliyelipa tu. Saini yako iwe ndani ya mchoro, mahali ambapo mtu akiikata anaharibu picha. Na hifadhi michoro ya awali na faili zenye tabaka, maana siku ukibishana na mtu kuhusu nani alichora, hizo ndizo zitakazokutetea.

Hatua ya 6: Hesabu makato kwa kalamu

Hii ni fupi lakini usiiruke. Etsy huchukua asilimia 6.5 ya kila mauzo tangu Aprili 2022, ilipopandisha kutoka asilimia 5 na baadhi ya wauzaji wakagoma. Ongeza senti 20 za dola kwa kila bidhaa unayoorodhesha, ambayo hudumu miezi minne, na makato ya malipo juu yake. Ko-fi haikati kitu kwenye michango ya kawaida, na hukata asilimia 5 kwenye duka na uanachama kwa asiyelipia akaunti. Patreon hukata asilimia 10 kwa wanaofungua ukurasa tangu Agosti 2025. Halafu kuna kato ambalo wengi hawalioni: mtu akijiunga na Patreon kupitia programu ya iPhone, Apple inaweza kuchukua hadi asilimia 30. Kwa hiyo unapowaalika watu, wape kiungo cha kufungua kwenye kivinjari, na uwaeleze sababu. Wanaokupenda watafanya hivyo kwa furaha.

Makato makubwa si lazima yawe mabaya. Duka linalokata asilimia 6.5 lakini linakuletea wanunuzi usiowajua linaweza kuwa nafuu kuliko mtandao wa bure unaokula saa kumi za wiki yako. Chukua mapato ya mtandao, toa makato, gawa kwa saa ulizopima katika hatua ya pili. Namba inayobaki ndiyo mshahara ambao mtandao huo unakulipa.

Hatua ya 7: Jenga nyumba yako, hata ikiwa ya chumba kimoja

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Msanii anaweza kuzunguka mitandao yote, lakini awe na mahali pa kurejea ambapo ni pake. Unahitaji vitu viwili: tovuti na orodha ya barua pepe.

Tovuti isajiliwe kwa jina lako na kwa barua pepe yako, si ya rafiki aliyekusaidia kuitengeneza. Nimeona wasanii waliopoteza kikoa, yaani anwani ya tovuti yao, kwa sababu ukumbusho wa kulipia ulikwenda kwa mtu waliyekosana naye. Weka kazi 12, si 60. Chagua aina ya kazi unayotaka kuletewa tena: ukionyesha picha za harusi ilhali unataka kuchora vitabu vya watoto, utaletewa harusi. Andika kwa maneno wazi unafanya nini, kwa sababu Google husoma maandishi, na mtafutaji huandika "mchoraji wa vitabu vya watoto", haandiki "ndoto za rangi". Kila picha iwe na maelezo yake mafupi. Yatamfaa mtu asiyeona vizuri na mashine ya kutafutia pia. Eleza oda huchukua wiki ngapi. Mwisho weka anwani ya barua pepe inayoonekana bila kutafutwa.

Orodha ya barua ndiyo jibu la swali la hatua ya nne. Barua pepe haina mmiliki mmoja: kampuni inayosambaza barua kwa niaba yako ikikuudhi, unapakua orodha kama faili la jedwali na kuhamia kwingine siku hiyohiyo. Pakua nakala kila mwezi. Waweke waliokubali wenyewe tu, na kila barua iwe na njia rahisi ya kujitoa.

Watu wengi hukwama kwa kutojua waandike nini. Barua yangu ya kwanza ilikwenda kwa watu 37, wengi wao wateja wa zamani niliowaomba idhini mmoja mmoja. Ilisomeka hivi:

"Habari. Huu ni mchoro niliomaliza wiki hii. Nilianza na mandhari ya bluu, nikaiacha kwa sababu ndege alikuwa anapotea ndani yake. Picha ya pili inaonyesha jinsi alivyokuwa kabla. Mwezi ujao nina nafasi ya oda mbili. Ukiwa na wazo, jibu barua hii tu, inanifikia mwenyewe."

Hakukuwa na kingine. Watu watano walijibu, wawili wakatoa oda. Posti ya mchoro huohuo ilikuwa imepata laiki mia sita na hakuna swali hata moja la bei.

Hatua ya 8: Punguza bila kubomoa

Ukishapata majibu utatamani kufuta kila kitu usiku huohuo. Usifanye hivyo. Usiache mbachao kwa msala upitao: mtandao wa zamani uliochakaa bado una watu wanaokujua kwa jina lile, na mtandao mpya unaosifiwa wiki hii bado haujakaliwa.

Kwanza pakua kumbukumbu zako zote. Mitandao mikubwa ina sehemu ya kufanyia hivyo ndani ya mipangilio, na faili huweza kuchukua saa au siku kuandaliwa. Kisha safisha wasifu: picha tisa bora, sentensi moja ya unachofanya, kiungo cha tovuti. Bandika juu posti inayosema unapatikana wapi. Washa uthibitisho wa hatua mbili, maana akaunti isiyotembelewa ndiyo huibwa kwa urahisi. Zima arifa. Ondoa programu kwenye simu na uiache kwenye kompyuta, hii peke yake ilinirudishia saa tano kwa wiki. Akaunti usiifute, kwa sababu jina ukiliacha, mtu mwingine anaweza kulichukua na kuuza kwa sura yako.

Na usijisikie una deni la kuwaeleza watu. Mara nne ndani ya mwezi mmoja waambie kwamba una barua ya kila mwezi na uwape kiungo, kila mara ukiwa na picha nzuri mkononi. Watakaokuja watakuja. Kati ya elfu 11, wangu walikuja 140, na niliumia nilipoiona namba hiyo. Kisha nikasoma majina. Karibu wote ni watu waliowahi kuniandikia kitu cha maana.

Hatua ya 9: Jaribu wiki 12 kisha fungua daftari tena

Chagua mtandao mmoja wa kutafutwa na mmoja wa wenzako, basi, na uupe kila mmoja saa maalumu. Mimi natoa saa mbili Jumatatu asubuhi na moja Alhamisi. Saa zikiisha, nafunga. Mitandao ya kuhakikiwa nagusa mara moja kwa mwezi, kubadilisha picha moja au mbili.

Wiki 12 ni kwa sababu oda huchelewa. Mtu huiona kazi leo, akaiweka akilini, akakuandikia bajeti yake inapopatikana. Ukipima kwa wiki mbili utauhukumu mtandao kabla haujapata nafasi. Zikitimia, rudia hatua ya kwanza kwa kazi zilizoingia katika muda huo pekee, safu zilezile mbili. Mtandao ambao haujajitokeza katika safu yoyote, na wenzako hawapo huko, uhamishie kwenye kundi la kukaa kimya. Saa zake zirudishe mezani, kwenye mchoro, si kwenye mtandao mwingine. Kisha andika kwenye kalenda tarehe ya kufungua daftari tena, wiki 12 mbele, saa nne asubuhi, kabla hujawasha simu.